Nywele za Mkia wa Mtamba

Seth Ogari alikuwa mtu wa hasira za karibu. Kitu kilichomkasirisha kuliko vyote, kuliko hata mashine ya kusagia majani ikikwama katikati ya zamu, ni mtu kuvuta ndoano kwa pupa. Alikuwa akimwona mtu pale ukingoni mwa bwawa la shamba la chai, uzi umeguswa kidogo tu, mtu keshainua fimbo juu kama anang'oa mhogo, basi Seth huko aliko anapaza sauti: "Wewe! Nani anakufukuza? Si umwache aume kwanza!" Watu walimcheka. Wengine walimwambia aende akachimbe bwawa lake, awe anapigia kelele samaki wake mwenyewe.

Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Mogogosiek. Alikuja kutoka kwao kando ya ziwa akiwa kijana mwembamba, akaanza kwa kufagia vumbi la majani, akapanda polepole mpaka akakabidhiwa spana. Mwaka wa tisini na sita, ambao ndio ulimharibia maisha, alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Mke wake, Dorcus, aliuza omena na nyanya sokoni. Watoto wao walizaliwa huku huku, wakajua Kipsigis kuliko Kijaluo, na kila Krismasi wakienda kwao wazee wa kule walimtolea Seth macho kama mtu aliyepoteza mifugo ya ukoo.

Sasa hayo mambo ya samaki. Wale wa bwawa la shamba hawakuwa samaki wa kwao hata kidogo. Waliitwa besi, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana na roho ya ugomvi, waliomwagwa humo na wazungu wa zamani kwa ajili ya mchezo tu. Kwao Seth samaki huvuliwa kwa wavu, wengi kwa mpigo mmoja, na ni kazi inayochosha mgongo. Huku mtu anasimama asubuhi nzima kwa ajili ya samaki mmoja, na anaita hiyo ni raha. Ndugu yake mkubwa alimtembelea siku moja, akamwona akirusha uzi na kuuvuta, akirusha na kuuvuta, akamwuliza Dorcus pembeni kama mumewe amerogwa.

Hakurogwa, ilimwingia tu. Meneja mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia fimbo ya fiberglasi na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, na tangu hapo Jumamosi za Seth zikawa na mwenyewe. Alimsoma besi kama watu wengine wanavyosoma Biblia. Besi hazururi kutafuta chakula, anavizia. Anajibanza kwenye gogo lililozama au kwenye kivuli cha matete, na kinachopita mbele yake ndicho chake. Asubuhi mapema utamkuta kwenye maji mafupi. Jua likipanda anashuka kwenye kina, karibu na ukuta wa bwawa, na huko lazima ndoano izame kwanza ndipo uanze kuvuta. Unavuta kidogo, unaacha. Unavuta, unaacha. Pale unapoacha ndipo anapokula, na ndiyo maana mwenye pupa hali kitu. Fundo la ndoano alilikaza kwa mate, kwa sababu nailoni ikikazwa kavu inajiunguza yenyewe na siku ya samaki mkubwa inakukatikia mkononi.

Chambo alitengeneza mwenyewe. Saa ya chakula cha mchana, wenzake wakila githeri, yeye alibana ndoano kwenye vaisi ya karakana, akaipa kichwa cha risasi aliyoyeyusha kutoka kwa betri mbovu, akafunga manyoya ya jogoo kwa uzi wa kushonea wa Dorcus. Mwisho alipaka fundo rangi ya kucha ya binti yake Maxine ili maji yasilifungue. Maxine alilia sana juu ya rangi hiyo, lakini babake alimwambia kucha zake haziliwi na mtu.

Mwenzake katika ugonjwa huu alikuwa jirani yake, Kipkirui. Huyu alikuwa Mkipsigis wa hapo hapo, mwenye majani chai yake, mahindi yake na ng'ombe wa gredi, na mtu wa kuchekacheka. Alianza kwa kuja bwawani kumcheka Seth. Siku moja akaomba kushika fimbo, besi akaruka juu ya maji na uzi mdomoni, na ukawa mwisho wa akili ya Kipkirui. Akanunua fimbo yake. Jambo la kuchekesha ni kwamba hakula samaki hata siku moja. Kwa watu wa rika lake samaki alikuwa mdudu wa majini, binamu wa nyoka. Kila alichovua alimpelekea Dorcus, na mkewe Rodah alimwekea sheria: anaoga mtoni kwa sabuni, koti la kuvulia linabaki limetundikwa huko kwenye mistari ya chai, na haingii jikoni kwenye vibuyu vya mursik, maziwa yake ya kugandisha, mpaka Rodah amnuse.

"Ukileta hiyo harufu kwa maziwa yangu, ng'ombe zitakauka," alimwambia, "halafu uende ukakamue samaki zako."

Seth aliishi kwenye ardhi ya Kipkirui. Kipkirui ndiye aliyemkatia pembe moja ya shamba, kando ya ua, wakashikana mikono na kunywa mursik, basi. Hapo Seth alijenga nyumba ya mabati, akapanda ndizi na mparachichi, akasema akistaafu atazeekea hapo hapo. Vurugu za kikabila za tisini na mbili zilipozuka kule mipakani, kikundi cha vijana kilifika mpaka langoni, na Kipkirui akatoka na rungu akawaambia hiyo nyumba ni yake na waliomo ni watu wake. Wale vijana wakaenda zao. Seth hakumwambia asante kwa maneno, hakuwa mtu wa hivyo, lakini kitu hicho alikibeba moyoni, na kila alipofikiria kuzeeka kwake alifikiria pembe ile ya shamba na jirani yule.

Basi ikaja baridi ya Julai mwaka huo wa tisini na sita, na besi wakakataa kula. Walikwisha kuyajua manyoya ya jogoo. Unarusha, wanakuja, wanaangalia, wanarudi kulala. Seth akawa mtu wa kununa nyumbani. Alihitaji nywele ambazo zikiingia majini zinapumua, zinafunguka na kujikunja zenyewe hata uzi ukisimama. Akajaribu manyoya ya mbuzi, yakaelea. Akajaribu nywele bandia za Maxine, zikashikana kama ugali mbichi, na Maxine akalia mara ya pili.

Ndipo alipoona kwenye seng'enge ya ua nywele nyeupe ndefu. Zilikuwa za mkia wa mtamba mmoja wa Kipkirui, mweusi na mweupe, aliyependa kujikuna hapo. Seth akazikusanya, akafunga chambo kimoja, akaenda nacho Jumamosi. Aliporusha kando ya gogo na kuacha kizame, zile nywele zilifunguka majini kama kitu chenye uhai, na besi akatoka huko chini akakimeza kwa hasira. Akampata mwingine kabla ya saa nne. Kipkirui, ambaye asubuhi yote hakuguswa hata na chura, alitupa fimbo yake chini.

"Omera, hiyo ni nini umeweka hapo? Ni dawa?" akauliza, akimwita ndugu kwa Kijaluo.

"Dawa gani! Ni mkia wa ng'ombe yako," Seth akamjibu, akamwonyesha. "Lakini kidogo tu, unaona? Unene wa kijiti cha kiberiti. Zile zinanaswa kwa seng'enge zinatosha wewe na mimi mpaka mwaka uishe."

Lakini Kipkirui na subira ni watu wawili tofauti. Jumatatu jioni alikuja kwa Seth na mfuko wa nailoni umejaa nywele nyeupe, anacheka mpaka machozi. Alikuwa amechukua makasi ya kondoo, akamfunga mtamba kwenye mti, akamnyoa shungi lote la mkia, lote, hadi kwenye ngozi.

Seth aliutazama ule mfuko. "Baba Kiplimo, wewe ni mzima? Si huyu ndiye mtamba wa mahari?"

Kiplimo alikuwa mtoto wa kiume pekee wa nyumba ile, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole aliyekuwa akimsalimia Seth kwa mikono miwili. Alikuwa amechumbia msichana wa Siongiroi, Joan, aliyekuwa akisomea uuguzi. Maneno yalikuwa yamekubaliwa, na mtamba huyo ndiye aliyekuwa amesifiwa kwa upande wa msichana kuliko ng'ombe wengine wote. Kilichobaki ni wazee wao kuja kuwaona wanyama kwa macho yao.

"Wanakuja Disemba," Kipkirui akasema. "Mpaka Disemba huyo atakuwa na mkia kama ya farasi. Wewe funga chambo, wacha maneno mingi."

Na Seth, ambaye baadaye alijilaumu kwa hili peke yake, alicheka naye. Akavifunga vile vyambo.

Wazee wa Siongiroi hawakungoja Disemba. Babu yake Joan aliugua, akasema anataka kuona mambo ya mjukuu wake yamekwisha kabla hajafumba macho. Neno likaja katikati ya juma kwamba watafika Jumamosi hiyo hiyo. Rodah akaanza kukwangua masufuria. Kipkirui akaja uani kwa Seth amebadilika rangi.

"Ogari, nitafanya nini na huyu mnyama?"

"Waambie ukweli kabla hawajamwona," Seth akasema. "Waambie ulimnyoa kwa ujinga wa samaki. Watakucheka, mtalipa faini ya pombe, yataisha."

"Watanicheka? Mimi? Mtu na rika yangu, niseme nilinyoa ng'ombe ya mtoto yangu nikamate samaki, na samaki yenyewe sili?" Kipkirui alitikisa kichwa. "Hapana. Nitamweka nyuma ya wengine. Hawataona."

Jumamosi Seth alikwenda na viti vyake na kreti ya soda, kama jirani. Dorcus alipika chapati. Wageni walifika kwa pikapu, wazee wanne na wanawake wawili, na aliyewaongoza alikuwa mzee Alexander, ndugu mkubwa wa baba yake Joan, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Waliomba sala, wakanywa chai, wakapelekwa zizini. Walipita kwa ng'ombe mmoja mmoja bila haraka. Kiplimo alisimama kando na tai yake shingoni, akiwa na tabasamu la mtu anayengojea matokeo ya mtihani.

Yule mtamba alikuwa kweli nyuma ya wengine. Lakini mtamba hajui mambo ya watu. Nzi walimwuma, akajaribu kujipiga na mkia, na kilichopanda hewani kilikuwa kijiti kitupu chenye ngozi ya waridi. Mzee Alexander akasimama. Akausogelea, akauinua ule mkia kwa ncha ya bakora yake, akautazama muda mrefu.

"Kwetu mkia inakatwa ya ng'ombe imekufa," akasema taratibu. "Ya kutengeneza usinga. Hii iko hai. Nani amefanya hii?"

Mwanamke mmoja wa Siongiroi alirudi nyuma na kujifunika mdomo. Ng'ombe wa mahari ni lazima awe mzima, sikio zima, pembe nzima, mkia mzima, na mwenye kumtia ila ng'ombe huyo amemtia ila msichana mwenyewe. Hilo kila mtu pale alilijua, pamoja na Seth, kwa maana alikuwa ameishi huku miaka yote hiyo.

"Ninauliza," mzee Alexander akasema. "Ni nyinyi wenye boma mmetufanyia hivi? Mnatuambia nini?"

Ndipo Kipkirui akafungua mdomo. "Hapana, mzee. Si sisi. Ni… ni huyu jirani. Huyu mtu wa ziwa. Anatengenezanga vitu vya kushika samaki na nywele. Mimi niliamka tu nikapata amekata."

Seth alikuwa ameshika kifungulio cha soda. Chupa iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa bado inatoa povu. Kwanza damu ilimpanda kichwani, na wanaomjua wanajua damu ya Ogari ikipanda inakuwaje. Maneno yote yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi, makasi ya kondoo, mfuko wa nailoni, kicheko. Akamtazama Kipkirui. Kipkirui alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba. Kisha akamwona Kiplimo, tabasamu limekauka usoni, anakunjakunja ncha ya tai. Akasema moyoni, nikisema kweli hawa watapanda pikapu yao sasa hivi, na kijana huyu hataoa. Akakumbuka pia rungu lile langoni.

"Ni mimi, wazee," akasema. "Nilikosa. Nisameheni."

Dorcus, aliyekuwa mlangoni na sinia la chapati, alisema "Ai!" kwa sauti kubwa.

Mzee Alexander alimtazama Seth kuanzia viatu mpaka kichwani, akatema mate kando. "Kama ni mtu wa nje, basi si tusi lenu," akamwambia Kipkirui. "Toeni huyu, mlete mwingine mzima. Na huyu mtu asikaribie ng'ombe zetu." Wakarudi kwenye chai. Seth aliachwa zizini na soda yake.

Jioni ile Kipkirui alikuja uani, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Omera, umeniokoa. Umeniokoa kabisa! Wacha harusi ipite, nitawaambia watu mimi mwenyewe. Nitasema kwa kila mtu, tutacheka mpaka tuchoke."

"Sawa," Seth akasema. "Lakini useme."

"Haki ya Mungu nitasema."

Harusi ikapita, nzuri, ya kanisani, na matarumbeta. Seth na Dorcus waliketi nyuma na chakula kiliwafikia mwishoni. Seth akangoja. Siku za kwanza mambo yalikuwa mzaha. Vijana wa kiwandani walimwita Kinyozi, wakamwuliza atawanyoa lini. Lakini yule mtamba, aliyerudishwa malishoni, akashikwa na ndigana akafa. Ndigana ni ugonjwa wa kupe, mtoto mdogo wa huko anaujua, na mwaka ule uliua ng'ombe wengi pale kilimani. Hata hivyo watu walianza kuulizana: nywele za mkia zilichukuliwa, na mnyama akafa, hizo nywele zilipelekwa wapi? Mzaha ukaisha hapo.

Seth akamwendea Kipkirui. "Baba Kiplimo, umesema?"

"Sasa na huyu mtamba amekufa, nikisema leo watasema nini? Ngoja kidogo, mambo ipoe."

Hayakupoa. Rodah akaacha kumwuzia Dorcus maziwa. Alisema ni machache, na huku mkebe umejaa anaupeleka kwa dairi. Sokoni wanawake waliokuwa wakinunua omena wakaanza kupitia njia ya nyuma. Dorcus alirudi jioni na beseni limejaa kama alivyoondoka nalo, akaliweka chini kwa kishindo. Seth akauliza tena, na Kipkirui akasema angoje mtoto wa Kiplimo azaliwe, maana bibi harusi ana mimba na hawezi kushtuliwa. Mtoto akazaliwa, msichana, mzima kabisa. Seth akauliza tena, na Kipkirui akasema huu ni mwaka wa uchaguzi, watu wana joto, ngoja uchaguzi upite. Hakuwa tena anacheka akimwona Seth. Alianza kwenda bwawani upande wa pili, kule kwenye miti ya blugamu.

Halafu Onsongo, Mkisii aliyeendesha lori la majani mabichi, mtu asiye na fitina, alimpata Seth karakanani akamwambia kitu akiwa amekwepesha macho. Alikuwa amekaa kwenye hoteli ya chai, Kipkirui akiwa meza ya pili anasimulia. Alisimulia vile aliamka alfajiri kwenda choo, akamwona Seth anaruka ua na makasi. Alieleza hata koti alilovaa.

"Alisema anakuonea huruma," Onsongo akasema. "Alisema ni hiyo mambo ya samaki imekuharibu kichwa."

Seth aliacha spana mezani akatoka nje, akasimama kwenye rundo la kuni mpaka kengele ikalia. Angejua la kufanya kama ni matusi. Mtu akikutukana, unamtukana. Lakini sasa unamfanyia nini mtu anayekuonea huruma kwa kosa lake mwenyewe?

Mapema mwaka wa tisini na nane mzee wa kijiji alikuja kwa Seth na maneno matamu. Alikaa, akasifu mparachichi, akauliza habari za kustaafu. Mwishowe akasema majirani wamezungumza, hawana ubaya, ila wanaona mtu akimaliza kazi ni vizuri apumzike kwao, na pia Kiplimo sasa ana familia na ile pembe ya shamba itamfaa. "Kipkirui mwenyewe hajasema uondoke," akaongeza. "Amesema ni vile watu watakavyoamua. Yeye akisema ukae, utakaa. Ni yake."

Mzee alipoondoka, Dorcus alisimama mbele ya mumewe na mikono kiunoni. "Umesikia? Ni neno lake moja tu. Nenda umwambie aseme leo, ama mimi nitakwenda kusimama kanisani Jumapili nipige nduru."

"Usipige nduru. Nitaongea naye tukiwa wawili. Mbele ya watu ataona haya."

Jumamosi alichukua fimbo yake akaenda bwawani, akapita mahali pake pa siku zote, akazunguka mpaka upande wa blugamu. Kipkirui alikuwa peke yake. Waliamkiana. Seth akarusha uzi wake karibu na wake, kama zamani. Ukungu ulikuwa umeinuka kutoka kwenye maji na wachuma chai walisikika mbali, upande wa pili wa kilima.

"Baba Kiplimo," Seth akasema mwishowe. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. "Sikuja kukugombanisha na mtu. Kiplimo ameoa, mtoto anatambaa, babu ya Joan alizikwa kwa amani. Hakuna mtu atamrudisha Joan leo kwa sababu ya mkia. Wataka uwaambie watu, wataka usiwaambie, hiyo tutaona. Lakini hapa tuko wawili tu. Hakuna mtu anasikia. Niambie mimi. Sema tu ulimkata wewe, nisikie kwa masikio yangu."

Kipkirui aliacha kukunja uzi. Alimgeukia Seth, na uso wake haukuwa na hasira wala haya. Ulikuwa uso wa mtu mwema aliyeumizwa. Akaweka fimbo chini, akamwekea Seth mkono begani.

"Ogari," akasema, "mimi nilikusamehe kitambo. Hata Rodah nimemwambia asikuchukie. Ile siku ulikubali kosa mbele ya wazee, nilisema huyu ni mwanaume." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Lakini kitu moja imenisumbua miaka yote hii. Kwa nini hukuniuliza, omera? Nywele tu za ng'ombe! Ungeniuliza, ningekupa."

Seth alimtazama machoni. Alitafuta uongo mle ndani, alitafuta sana, kwa maana mtu anayedanganya bado anaijua kweli, na anayeijua kweli siku moja anaweza kuisema. Hakuuona popote. Kipkirui aliamini kila neno. Na Seth Ogari, mtu wa hasira za karibu, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Asante, Baba Kiplimo." Akakunja uzi wake, akaenda nyumbani kumwambia Dorcus aanze kufunga vitu.